Walimu wa malezi na unasihi: tudai vipindi kwenye ratiba kabla ya kudai posho

#1 Mnasihi wa Kata

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa walimu wa malezi na unasihi, yaani wanaowasikiliza na kuwashauri wanafunzi, hasa sisi wa sekondari za kata hapa Tanzania. Wakuu wa shule, wazazi na maafisa elimu mliomo humu karibuni, na wa kupinga karibuni zaidi. Ni mrefu. Asiye na muda aweke alama, arudi jioni.

Kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp, vile vilivyobaki baada ya semina za Shule Salama, siku hizi mjadala ni mmoja: posho. Mkuu wa shule ana posho ya madaraka, 250,000 kwa mwezi. Afisa elimu kata anayo. Sisi tunaobaki na watoto mpaka jua linazama hatuna hata ya vocha. Dai ni la haki, silipingi. Ila naona tumelishika mkiani. Hakuna mhasibu atakayelipia kazi ambayo haimo kwenye karatasi yoyote ya shule.

Kesho ukifika kazini nenda kaangalie ratiba kuu iliyobandikwa ofisi ya taaluma. Hisabati ipo. Dini ipo. Michezo ipo. Unasihi utautafuta. Kwa wengi wetu unafanyika wakati wa chai, baada ya kengele ya mwisho, au koridoni huku mtoto anaangalia nyuma kama kuna anayesikiliza. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija, kitu ambacho hakiko kwenye ratiba kwake hakifanyiki, na wala hana kosa.

Kazi yenyewe si ya jana. Waraka wa Elimu Na. 11 ulitoka 2002, ukitaka huduma ya ushauri na unasihi iwepo shuleni na kwenye vyuo vya ualimu. Mwaka huohuo 2002 zikatoka kanuni mpya za adhabu ya viboko: visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na iandikwe kwenye daftari. Angalieni tofauti. Kiboko kilipewa mtekelezaji, kibali na daftari. Unasihi ulipewa waraka. Miaka ishirini na ushee baadaye, ingia shule yoyote uombe daftari la adhabu, litaletwa, hata kama halijajazwa kwa uaminifu. Omba daftari la unasihi uone watu wanavyotazamana.

Katikati hapo mzigo umekuwa ukiongezeka tu. Novemba 2021 ikaamuliwa kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, warudi darasani, na Waraka Na. 2 wa mwaka ule ukaweka utaratibu. Uamuzi mzuri kabisa. Sasa binti anarudi, mtoto kamwacha kwa bibi, maziwa yanamjaa kipindi cha tatu, wenzake wanamcheka. Nani anampokea? Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano, ile michanganyiko ya masomo, zikaongezwa zikafika 65. Mtoto wa kidato cha nne analetewa Selform, fomu ya machaguo, ajaze, na baba yake anajua PCB na HGL basi. Nani anakaa naye? Ukija mtaala mpya una mkondo wa jumla na mkondo wa amali (ufundi), mtoto anachagua njia ya maisha akiwa na miaka kumi na tatu, kumi na nne. Nani anamweleza? Kila sera mpya inaishia mezani kwetu, na meza yenyewe hatuna.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni hiki. Kabla ya barua yoyote ya posho kwenda wilayani, kila mnasihi adai shuleni kwake apunguziwe vipindi vya somo, na muda huo uandikwe UNASIHI kwenye ratiba kuu kwa herufi zilezile za Hisabati. Si kwa maneno. Iandikwe.

Nitawaeleza ilivyokwenda kwangu, maana najua mtauliza. Nafundisha Historia na Kiswahili, vipindi ishirini na kitu kwa wiki. Muhula mmoja mzima niliandika kila anayekuja: tarehe, kidato, jinsi, aina ya tatizo, nani kamleta, nimefanya nini. Majina hayamo. Mwisho wa muhula nikampelekea mkuu wangu ukurasa mmoja. Nilichokuwa sijakitarajia hata mimi ni kwamba kundi kubwa kabisa hawakuwa wa mapenzi wala bangi. Walikuwa wale wanaoletwa kwangu kwa "utoro", na utoro wenyewe ulikuwa na siku yake: Alhamisi, siku ya mnada. Watoto wanakwenda kubeba mizigo na kuuza karanga. Wengi wanakaa na bibi zao, wengine wamepanga vyumba mitaani ili wawe karibu na shule, na hela ya chakula inaisha Jumatano. Shule ilikuwa inawachapa Ijumaa kwa kosa la Alhamisi.

Mkuu aliusoma ule ukurasa mbele yangu. Hakuniuliza habari ya posho wala semina, aliniuliza swali moja tu: "Unahitaji muda gani?" Muhula uliofuata nikaondolewa Kidato cha Tatu B na stoo ya majembe ikahamishwa. Sasa nina meza, viti viwili na mlango unaofungika.

Jambo la pili, PEPMIS, ule mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Unapojaza majukumu yako ya mwaka, unasihi uweke kama jukumu linalojitegemea, lenye kazi ndogondogo chini yake, msimamizi alipitishe. Wengi tunajaza kufundisha, kusahihisha, zamu, basi. Halafu tunalalamika kwamba mwajiri haitambui kazi ambayo hatujamwambia kama tunaifanya.

La tatu ni umoja. Walimu wa hisabati wana CHAHITA yao, na Siku ya Pai wanaisherehekea hadi magazetini. Wakuu wa shule wana TAHOSSA, wakikaa kikao waziri anakuja. Wanasaikolojia wana TAPA. Mnasihi wa shule ya kata ana kikundi cha WhatsApp ambacho msimamizi wake alishahama mkoa. Tuanze na wilaya: wanasihi wa shule kumi wakutane siku moja ya muhula, walete takwimu zao zisizo na majina, ziunganishwe, zipelekwe kwa Afisa Elimu Sekondari. Ukurasa wa shule kumi hauwekwi pembeni kirahisi kama wa shule moja.

Naomba kuwasilisha.

#2 Fimbo Nne

Mleta mada umeandika vizuri, mwalimu wa Kiswahili anajulikana. Ila tuseme ukweli. Shule ina wanafunzi mia saba na walimu wa hisabati wawili, mmoja yuko likizo ya uzazi. Halafu unataka tupunguze vipindi ili watu wakapige stori stoo? Unasihi ni kazi ya kila mwalimu. Sisi tulichapwa, tulinasihiwa na mama zetu jikoni, na tumefika hapa.

#3 Mwl. Nyanda

Mkuu Fimbo, "tumefika hapa" wapi? Humu jukwaani usiku wa manane?

#4 Mnasihi wa Kata

Fimbo Nne, hoja ya uhaba ni ya kweli na ndiyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitaijibu bila utani.

Uhaba uko kwenye sayansi na hisabati. Sanaa tumejazana, kuna shule ina walimu wa Historia wanne wanagombania madarasa. Basi wanasihi wateuliwe kutoka huko, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, na wapunguziwe wao. Hakuna kipindi cha hisabati kitakachopotea. Kinachoendelea sasa ni kinyume: mkuu anamteua mwalimu yeyote "mpole", na wapole wengine ndio hao hao wa Fizikia.

Na kuhusu kila mwalimu kuwa mnasihi, kila mwalimu pia anajua kuweka bandeji, lakini hatujafunga zahanati.

#5 Mama Mkuu

Naandika kama mkuu wa shule, kwa hiyo msinitupie mawe.

Mwalimu ana hoja, na njia aliyotumia ndiyo inayofanya kazi kwa watu kama sisi. Kwenye meza yangu kwa wiki zinapita nyaraka za chakula, madawati, sare, michango, matokeo ya kidato cha pili, wazazi wenye hasira. Mwalimu akija kuniambia "mkuu, kazi ya unasihi ni nzito", nitamwambia pole, na nitakuwa namaanisha. Akija na karatasi inayosema watoto wengi kiasi hiki wa Kidato cha Pili wanakosa siku ya mnada, sasa ananipa kitu cha kupeleka kwenye bodi ya shule na kwa mtendaji wa kata. Hapo ananisaidia, na mimi nitamsaidia.

Lakini kuna mambo mawili mleta mada hakuyagusa.

Kwanza, msianze na ofisi. Shule nyingi zina upungufu wa madarasa, ukidai ofisi siku ya kwanza unaonekana unadai cheo. Dai muda. Muda ukiwa kwenye ratiba, chumba kitatafutwa kwa sababu mtu ataonekana amekaa nje.

Pili, na hili ndilo linaloniudhi: shule kibao mwalimu wa malezi ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Asubuhi anawachapa waliochelewa, saa nne anawaita "mwanangu njoo tuzungumze". Mtoto gani atafungua mdomo? Kama mko kwenye hali hiyo, kabla ya vipindi, kabla ya PEPMIS, mwandikieni mkuu wenu akutoeni upande mmoja. Mimi hilo niliwatenganishia walimu wangu mwaka niliofika na sikuhitaji kibali cha mtu, ni barua ya ndani tu ya uteuzi.

#6 Graduu Mtaani

Nimesoma huu uzi mara mbili na bado naona mnatuonea.

Mimi nina shahada ya elimu katika saikolojia. Miaka ya kukesha na vitabu vya makuzi, upimaji, mbinu za unasihi, mafunzo kwa vitendo, yote. Nafasi za ualimu zikitangazwa zinatangazwa kwa masomo. Nimekwenda kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira kwa somo langu la kufundishia, nimekaa na maelfu ya wenzangu wa Historia. Saikolojia niliyosomea hakuna aliyeniuliza.

Sasa ninyi mnapigania mwalimu wa Historia apewe vipindi vichache na semina ya siku tano, aitwe mnasihi. Mkifanikiwa, serikali itasema nafasi imejazwa. Mnaziba mlango tuliotakiwa kupita sisi. Mkitaka kuitetea taaluma, teteeni ajira ya wanasihi waliosomea, shule moja mtu mmoja, asiyefundisha kitu kingine. Hayo mengine ni kujipunguzia kazi.

#7 Mnasihi wa Kata

Graduu, maneno yako yanauma kwa sababu yana ukweli. Mtu aliyesomea ndiye anayestahili, na mimi siku akiletwa shuleni kwangu nitamkabidhi funguo za stoo na kurudi Kidato cha Tatu B.

Tunapotofautiana ni mpangilio. Ikama, yaani idadi ya watumishi wanaoruhusiwa, haiongezwi kwa huruma. Serikali inaajiri mwalimu wa Kemia kwa sababu kuna vipindi vya Kemia vimebaki wazi na vinahesabika. Vya unasihi havihesabiki popote, kwa hiyo hakuna pengo, kwa hiyo hakuna nafasi yako. Ratiba ikiwa na vipindi vya unasihi katika shule zote za wilaya, hapo ndipo mtu wa mipango anaweza kuandika "upungufu". Sisi tunakuandikia wewe hilo pengo.

#8 Graduu Mtaani

Au mtalijaza na kulisahau. Tutaona. Ila kama mnaunda umoja wa wilaya, tuingizeni na sisi tulio mtaani. Nipo tayari kuja kuwafundisha upimaji wa awali na namna ya kuandika taarifa, nauli tu. Mkikutana wenyewe kwa wenyewe mtaishia kupeana pole.

#9 Mwl. Nyanda

Graduu hapo umenena. Nauli yako itapatikana, mimi nachangia.

#10 Mzazi wa Watatu

Samahanini mimi si mwalimu, ni mzazi.

Mnazungumzia ratiba na madaftari, mimi nina swali moja. Binti yangu alikwenda kwa mwalimu wa malezi wa shule yake akamweleza jambo la nyumbani kwetu, la ndani kabisa. Siku iliyofuata mwalimu mwingine alimtania nalo mbele ya darasa. Tangu siku ile hataki kusikia neno mwalimu wa malezi. Tukamhamisha.

Sasa mkipewa hicho chumba chenye mlango, nini kitazuia maneno yasitoke kwa mlango huohuo kwenda kwenye chumba cha walimu? Mimi kwa upande wangu nisingewaunga mkono kabla sijajibiwa hilo.

#11 Mwl. Nyanda

Hili ndilo swali la uzi mzima. Walimu tunapenda sana umbea wa chai, tuseme tu.

#12 Mnasihi wa Kata

Pole sana mzazi mwenzangu, na pole zaidi kwa binti.

Nikujibu kwa yanayofanyika, si kwa ahadi. Daftari langu halina jina. Kila mwanafunzi ana namba ninayoijua mimi, na orodha ya namba na majina iko kwenye bahasha, bahasha iko kwenye kabati la mkuu lenye kufuli, siyo kwenye droo ya meza. Mwalimu wa darasa akiniuliza "yule kakwambia nini", namjibu kwa kile anachotakiwa kufanya yeye: mpe muda wa kumaliza kazi, asikae nyuma. Sababu haimhusu. Na nikiwa chumba cha walimu habari za wanafunzi sizigusi hata za kuchekesha, maana mtoto akikuona unacheka na wenzako dakika tano baada ya kutoka kwako, ataamini unamcheka yeye.

Lakini mzazi, ujue pia siri ina mpaka na mtoto namwambia mpaka huo kabla hajaanza kusema. Akiniambia anabakwa, anapigwa hadi kuumizwa, anataka kujiua au anataka kuozeshwa, sitanyamaza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kudhulumiwa azifikishe kwa serikali ya mtaa. Hapo namhusisha mkuu, afisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, ya bure, iko kwenye ubao wa matangazo ili asiyeniamini mimi apige mwenyewe.

Na nakubaliana na wewe kabisa: mnasihi anayetoa siri hana haki ya kudai kipindi hata kimoja. Umoja wetu ukiundwa, hilo liwe sharti la kuingia.

#13 Mwalimu wa Machakos

Habari zenu majirani. Nimeufuata uzi huu kutoka upande wa pili wa mpaka na nimeona niongeze langu, kwa sababu sisi tulipitia njia hii mbele yenu na kuna mahali tuliteleza.

Huku kwetu Kenya ushauri nasaha ulianza kuchukuliwa kwa uzito mwaka 2001, na kwa sababu ya huzuni. Machi mwaka huo moto uliwashwa katika bweni la shule ya Kyanguli, si mbali na hapa nilipo, wakafa wavulana 67. Mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku kiboko shuleni. Ghafla kila shule ikaambiwa iwe na idara ya ushauri nasaha. Idara ikapewa mkuu wa idara, jina mlangoni, na mwalimu yuleyule mwenye masomo yake mawili na mzigo wake uleule wa vipindi. Walimu wengi wakasema wamenyang'anywa fimbo na hawakupewa kitu badala yake. Na miaka imepita, mabweni bado yanachomwa. Mwaka 2017 Moi Girls Nairobi, 2024 Hillside Endarasha huko Nyeri, chanzo cha kila moto ni mambo yake, lakini kila baada ya moto tunasikia hotuba ileile: tuimarishe ushauri nasaha.

Mwaka 2014 tukapata Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia, yenye bodi ya kusajili na kutoa leseni. Wanachama wa KCPA, chama cha wanasihi na wanasaikolojia, walisukuma kwa miaka, nawapa heshima zao. Lakini mwalimu aliye idarani shuleni bado ameajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, kwa masomo yake. Tulipata sheria ya taaluma kabla ya kupata saa za kazi. Kwa hiyo ndugu Mnasihi wa Kata akisema vipindi kwanza, mimi ninamwelewa sana. Sheria iko, ninaweza kuisoma nikiwa njiani kwenda kufundisha Kidato cha Tatu Jiografia.

Sasa tumeingia Gredi ya 10 yenye njia tatu za masomo, wazazi wanapanga foleni wakiuliza mtoto aende sayansi au sanaa na michezo. Wanapanga foleni kwa nani? Mnajua jibu.

#14 Mnyalu Ughaibuni

Kamwene!

Mimi ni mtu wa Iringa, niko Marekani, nafanya kazi ya unasihi katika shule ya umma ya sekondari. Niwape picha ya huku bila kuipamba, maana kuna watu wakisikia Marekani wanadhani ni peponi.

Chama cha wanasihi wa shule huku, ASCA, kiliundwa 1952. Kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250. Uhalisia ni kwamba wastani wa nchi nzima mwaka wa masomo 2022–23 ulikuwa 385 kwa mmoja, na kuna majimbo yako mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo baada ya miaka sabini ya chama bado wanalia. Tofauti ni kwamba wanalia na namba mkononi, kila mwaka inatolewa, jimbo kwa jimbo, na mwandishi wa habari yeyote anaipata.

Kitu ambacho ningewashauri mkichukue si huo uwiano, ni makubaliano ya mwaka. Mwanzo wa mwaka nakaa na mkuu wangu wa shule, tunaandika: asilimia ngapi ya muda wangu itakwenda kwa wanafunzi, mikutano gani nitahudhuria, kazi gani si zangu. ASCA wanasema asilimia 80 au zaidi ya muda iwe ya kuhudumia wanafunzi moja kwa moja au kwa niaba yao. Tunatia sahihi wote wawili. Katikati ya mwaka akinipa kazi ya kusimamia mitihani wiki nzima au kusimama mlangoni wakati wa chakula, simgombezi. Namletea ile karatasi, namuuliza tupunguze nini kati ya haya tuliyoandika. Mara nyingine anaghairi. Mara nyingine hapana, nasimama mlangoni kama wengine.

Halafu wiki ya kwanza ya Februari huwa ni wiki ya wanasihi wa shule. Nilipofika nilidhani ni mambo ya keki. Kumbe ndiyo wiki wanayowaalika wajumbe wa bodi za elimu na wabunge wa majimbo waje wakae shuleni waone kazi. Mjumbe akishaona foleni nje ya ofisi yako, siku ya bajeti huhitaji kumweleza sana.

#15 Fimbo Nne

Mnyalu, huko wana bajeti, sisi tunagombania chaki. Ila hiyo karatasi ya sahihi mbili haina gharama, hapo sina la kusema.

#16 Mama Mkuu

Hiyo karatasi naichukua. Mwalimu akiniletea Januari kabla ratiba haijabandikwa, nasaini. Akiniletea Machi nitamwambia amechelewa, kwa sababu kugusa ratiba katikati ya muhula ni kuanzisha vita ya walimu.

#17 Binti Kisarawe

Shikamooni wote. Mimi ni mgeni kazini, nimekabidhiwa umatroni na unasihi kwa pamoja, nalala bwenini na wasichana. Mleta mada, tunaomba muundo wa hilo daftari. Na je, mtoto akija kwa ajili ya pedi tu, naandika? Maana hao ni wengi kuliko wote.

#18 Mnasihi wa Kata

Marahaba mwalimu. Umatroni na unasihi pamoja ni mzigo, pole.

Daftari la kaunta linatosha. Chora safu hizi: tarehe, namba ya siri, kidato, jinsi, amekuja mwenyewe au kaletwa na nani, aina ya suala, hatua, tarehe ya kumwona tena. Aina ya suala zisizidi kumi, andika orodha yake jalada la ndani, usibadilishe katikati ya mwaka, la sivyo hutaweza kujumlisha. Zangu ni mahudhurio, chakula na mahitaji, familia, uhusiano, ukatili, afya, msongo na huzuni, masomo, uchaguzi wa tahasusi au mkondo, na mengineyo. Maelezo marefu ya mtoto USIYAANDIKE humo. Daftari hili liwe kitu ambacho hata likiibiwa, mwizi hapati kitu.

Safu ya "kaletwa na nani" msiipuuze. Mwanzoni kwangu karibu wote waliletwa na walimu, yaani walikuja kama washtakiwa. Wanaokuja wenyewe wakianza kuongezeka ndipo unajua unaaminiwa, na hiyo ndiyo namba ya kumwonyesha mkuu kuliko jumla.

Na ndiyo, mtoto wa pedi andika. Huyo ndiye anayerudi wiki ijayo na jambo lenyewe. Halafu ukijumlisha, una hoja ya kuiambia bodi inunue pedi.

#19 Graduu Mtaani

Ongeza safu ya rufaa: umempeleka wapi, na je, alifika. Bila hiyo utaandika "kapelekwa ustawi wa jamii" mwaka mzima na hutajua kama kuna hata mmoja aliyeonana na mtu.

#20 Mnasihi wa Kata

Imeongezwa. Ndiyo maana tunakuhitaji.

Kwa wanaoniuliza kwa ujumbe wa faragha: wilaya yetu tunakutana Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, shule sita zimethibitisha. Graduu na wenzako wawili mnakaribishwa, nauli ipo. Ajenda ni mbili tu, kuoanisha orodha ya aina za masuala ili takwimu ziunganike, na kuandika rasimu ya makubaliano ya sahihi mbili. Posho haimo kwenye ajenda, atakayeileta atanunua soda za wote.

#21 Fimbo Nne

Swali la mwisho kabla sijalala. Hicho Kidato cha Tatu B ulichokiacha, nani anakifundisha?

#22 Mnasihi wa Kata

Mwenzangu wa Historia. Tulipatana mimi nichukue zamu zake zote za Ijumaa pamoja na klabu ya mdahalo. Bado hajafurahi, na juzi kanikumbusha kwamba Kidato cha Tatu B wako themanini na moja.